Ngozi ya Mbuta kwa Binti wa Gemu

Aloy anakimbia, anaogelea, anapanda majabali na kuvuta upinde, na mikanda iliyomzunguka kifuani haisogei hata kidogo. Haikazwi wala hailegei. Hata pale mchoraji alipochora fundo, fundo hilo halibebi kitu, maana vazi zima ni rangi iliyotandazwa juu ya umbo la kompyuta. Aloy ndiye shujaa wa Horizon Zero Dawn, gemu iliyotolewa Februari 2017 na studio ya Guerrilla ya Amsterdam, na walioicheza wanamjua kwa nywele zake nyekundu na vazi lake la ngozi, manyoya na vipande vya vyuma. Mshonaji wa Kisumu anayeamua kulileta vazi hilo duniani hukutana na kazi tangu mkanda wa kwanza. Unafungwa wapi? Begani unashikwa na nini? Mvaaji akikaa kwenye matatu, kile kipande cha tumboni kitaingia wapi?

Hapo ndipo heshima yangu kwa kosplei, sanaa ya kujivika kama wahusika wa kubuni, inapoanzia. Mtu anakaa mbele ya kitu ambacho hakijawahi kuwa na uzito, anakiuliza maswali ambayo aliyekichora hakulazimika kujiuliza, kisha anayajibu kwa gundi, uzi, kisu na moto. Wengi wetu huona mwisho wa kazi tu, picha moja nzuri kwenye simu, tukadhani ni vijana wanaojipamba. Nairobi wana mikutano yao ya mashabiki, kama NAICCON, ambako wavaaji hupanda jukwaani na kushindana. Mimi navutiwa zaidi na majuma yanayotangulia jukwaa, na hasa na jinsi majuma hayo yanavyoweza kwenda katika mji wa ziwani wenye mafundi wa kila aina, ambao wengi wao hawajawahi kumsikia Aloy.

Mhusika huyu, kwa maoni yangu, alizaliwa mbali lakini anaufaa mji huu. Gemu yenyewe inasimulia dunia ya zaidi ya miaka 1,000 ijayo, miji ya leo ikiwa magofu yaliyofunikwa na miti, na mashine zenye maumbo ya wanyama zikizurura malishoni. Watu wa kabila la Aloy, Wanora, huwinda wanyama na mashine vilevile, kisha hushona pamoja walichopata: ngozi na waya, manyoya na bati, kamba na kipande cha chuma ambacho kazi yake ya kwanza imesahauliwa. Ni kazi ya jua kali, na fundi wa soko la Kibuye mjini Kisumu hahitaji kuelezwa fikra yake. Hapo Kibuye, hasa Jumapili ambayo ndiyo siku kubwa ya soko, koti la ngozi la mtumba linalala karibu na vyuma chakavu, na mtu mwenye jicho hununua vyote viwili akiona kitu kimoja.

Lakini kabla ya sokoni kuna kusoma. Gemu ina sehemu ya kusimamisha kila kitu na kupiga picha, na mshonaji mwenye subira huitumia kama daftari. Humzunguka Aloy taratibu, akampiga mbele, nyuma, chini ya kwapa, kwenye shingo ya kiatu, karibu na sikio kilipo kile kifaa kidogo cha pembe tatu anachokitumia kuonea yasiyoonekana. Guerrilla wenyewe walitoa mwongozo wa picha kwa ajili ya wavaaji, na ni msaada mkubwa, ila mwongozo huonyesha sura ya kitu, hauonyeshi kilivyoundwa. Kazi ya kuamua hubaki kwa mshonaji. Anachapisha picha, anachukua kalamu, na juu ya kila kipande anaandika: hiki ni ngozi, hiki kitambaa, hiki chuma. Panapomtatiza, huacha alama ya kuuliza, na nyingi za alama hizo hazifutiki mpaka vidole viguse nyenzo halisi.

Kisha mwili wenyewe unapimwa. Mvaaji huvaa fulana ya zamani, akazungushiwa karatasi ya plastiki ya jikoni kifuani na mgongoni, na juu yake ikabandikwa selotepu hadi lipatikane ganda linalolingana naye. Juu ya ganda hilo huchorwa mistari ya vazi kwa kalamu ya wino mzito. Halafu linakatwa, linalazwa sakafuni, na sura ya mtu inageuka kuwa vipande bapa vinavyoweza kunakiliwa kwenye karatasi ya manila. Washonaji wa nguo za kawaida hupima kwa futi na kuandika namba, nao hawakosei. Huku lakini vipande vingi ni vigumu, havinyumbuki kama kitambaa, na kosa la kidole kimoja kwenye kwapa humzuia shujaa kuinua mkono. Ndiyo maana hatua hii haiharakishwi.

Vyuma vya Aloy karibu vyote havitengenezwi kwa chuma. Hutengenezwa kwa sponji ngumu, ileile ya mikeka ya mazoezi, ya mikeka ya kuunganisha wanayochezea watoto, na ya soli za patapata. Nimesikia watu wakiuliza kwa nini fundi asikate bati halisi, na mji umejaa bati. Bati lina makali, lina kelele, linabana joto kwenye mwili katika mji ambao mchana wake mara nyingi hukaribia nyuzi 30, na kamera haipigi picha ya uzito. Kamera hupiga picha ya uso wa kitu. Kwa hiyo kazi yote inahamia kwenye uso.

Sponji hukatwa kwa kisu chenye wembe mpya, na wembe hubadilishwa mara kwa mara, maana ukianza kuwa butu hauli tena sawasawa, unararua. Mkato haukatwi wima kila mahali. Ukilaza kisu kidogo, kingo mbili zikikutana hujikunja zenyewe na kuwa pembe, na kwa njia hiyo vipande bapa hupata umbo la bega. Kisha moto. Fundi mwenye bunduki ya hewa moto huitumia. Asiye nayo hutumia jiko la makaa, akipitisha kipande juu yake kwa umbali wa kadiri. Matundu madogo ya uso wa sponji hufunga, uso unakuwa laini wenye mng'aro hafifu, na kwa muda mfupi kipande kinatii: unakikandamiza kwenye goti au kwenye sufuria, unakishikilia hadi kipoe, na umbo linabaki. Kuna jambo moja hapa ambalo kila nikiliona hunifurahisha. Ukikwaruza uso kwa ncha ya wembe bila kukata hadi chini, kisha ukapitisha moto, mkwaruzo unafunguka wenyewe na kuwa mfereji safi, kana kwamba mashine ndiyo iliyouchonga. Mistari yote midogo ya kwenye sahani za kifua cha Aloy huzaliwa hivyo.

Gundi inayotumika ni ya viatu. Hupakwa pande zote mbili, huachwa hadi isinate tena kidoleni, ndipo pande zikutanishwe, na zikishakutana hazirudi nyuma. Mikono hujifunza kushusha kipande kuanzia ncha moja, polepole. Kazi hii yote, ya moto na ya gundi, hufanywa nje, penye upepo, kwa sababu moshi wake na harufu yake si vitu vya kuvutwa chumbani.

Baada ya kuunganisha huja kufunika. Sponji tupu hunywa rangi, kwa hiyo hupakwa kwanza gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, tabaka jembamba, likakauka, lingine, likakauka. Anayepaka tabaka nene ili amalize upesi ataona nyufa mvaaji akijikunja kwa mara ya kwanza. Rangi nyeusi hutangulia. Juu yake huja ya fedha, kwa brashi iliyofutwa hadi ionekane haina kitu, ikipitishwa juu ya kingo tu, maana hapo ndipo chuma cha kweli husuguliwa na kung'aa. Kahawia nyekundu huingia kwenye mifereji.

Anayetaka kujua kutu hukaa wapi hana haja ya kitabu. Huko Miwani, mashariki ya mji, kilianzishwa kiwanda cha kwanza cha sukari nchini mwaka 1922, na tangu kusagwa kwa miwa kuliposimama, mashine zake zimekuwa zikishika kutu. Ukitazama chuma kilichokaa muda kwenye unyevu wa ziwa, hapo au kwenye mashua kuukuu iliyovutwa nchi kavu, unaona kwamba kutu haipaki kila mahali sawasawa. Hujikusanya chini ya kichwa cha ribiti, hushuka kwa mstari mahali maji yalipotiririkia, na hukwepa sehemu ambayo mkono wa mtu huigusa kila siku. Mchoraji wa vazi anayelijua hilo hujiuliza kuhusu kila sahani: mvua ilipita wapi? Mkono wa Aloy ulishika wapi? Majibu yake ndiyo yanayofanya sponji ya mkeka wa mtoto isadikike.

Ngozi ni habari nyingine, na hapa Kisumu ina utajiri ambao mshonaji wa Amsterdam angeuonea wivu. Samaki aitwaye mbuta, yaani sangara, aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na baadaye viwanda vikaanza kukata minofu yake na kuipeleka ng'ambo. Mabaki, yaani kichwa na mifupa ya mgongo, yakawa mgongo wazi, unaokaangwa na kuuzwa Obunga na kwingineko. Ngozi ilikuwa ya kutupwa. Mwanakemia Newton Owino wa mjini humu ni mmoja wa walioigeuza, akaitengeneza kwa dawa zitokanazo na mimea, na ngozi ile ikawa viatu, mikoba na makoti. Mtu asiyeijua hudhani itachanika kama karatasi. Nyuzi za ngozi ya samaki zimepishana kwa mshazari, na kwa unene wake ina nguvu ya kushangaza. Tena magamba yakishatoka huacha vifuko vidogo vilivyopangika, na vifuko hivyo hupokea rangi kwa namna ambayo ngozi ya ng'ombe haiwezi: rangi ya giza inazama ndani, ncha zinabaki nyepesi.

Sioni ngozi inayomfaa mwindaji wa mashine kuliko hiyo. Mbuta si ngozi ya kule Aloy anakotoka, na atakayehesabu usahihi kwa kulinganisha picha na picha ataikataa. Lakini mantiki ya vazi lake ni kwamba watu huvaa kile ambacho nchi yao inakitoa na kile ambacho wengine wamekitupa. Mshonaji anayetumia ngozi ya mbuta kwenye kola na mikanda ya mkono amemfuata Aloy kwa uaminifu zaidi kuliko yule aliyeagiza ngozi bandia ya rangi ileile kutoka mbali.

Kipande hicho hupelekwa kwa fundi viatu. Mzee aliyekaa kwenye kibanda chake na shazia mkononi atakigeuza na kuuliza, "Sasa binti yangu, hiki ni kiatu ama ni mkoba?" Si kimoja wala kingine, na maelezo huchukua muda. Jambo gumu zaidi kumweleza ni kwamba mshono uonekane. Maisha yake yote amesifiwa kwa mshono uliojificha, na leo anaombwa uzi mnene, hatua pana, zisizolingana sana, kama za mtu aliyeshona porini. Fundi mzuri akielewa hufurahi. Hushona hatua tatu, husimama, huuliza, "Hivi?" na kuanzia hapo anakuwa mwenza katika kazi, akitoa mawazo ambayo mshonaji hakuyafikiria: kwamba mkanda wa bega upite chini ya sahani na kurudi, ili uzito uende mgongoni usikate shingo, kwamba bizimu ya kweli ifichwe ubavuni na lile fundo la mbele liwe pambo. Swali la mkanda hujibiwa hapo, kwenye stuli ya mbao kando ya barabara.

Kamba za vazi zina nyenzo zake pia. Gugumaji lilifika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika muongo uliofuata likaifunika Ghuba ya Winam hata mashua zikakwama. Mashina yake yakianikwa yakakauka husukwa kamba, vikapu na viti. Kamba hiyo ina rangi ya asali iliyofifia na uso wenye mikunjo, na ikichanganywa na nyuzi za buluu na nyeupe huleta mapambo ya Wanora karibu kabisa na yalivyo. Tatizo lake ni wepesi. Pindo la kamba nyepesi hupeperuka na kutoa siri kwamba vazi halina uzito. Dawa yake iko kwa wavuvi: chubwi ndogo, zile risasi za kushusha wavu, zikifichwa kwenye ncha za pindo, kila kitu kinaning'inia wima na kurudi mahali pake mvaaji akigeuka. Upinde nao ni paipu ya maji iliyopindwa kwa joto na kuvikwa ngozi, na kamba yake ni lastiki nyembamba, ili mvaaji aweze kuivuta hadi shavuni na kukaa hapo bila mkono kutetemeka.

Nywele husukwa, na juu ya hilo msusi wa Kisumu hahitaji msaada wa mtu. Aloy ana vichwa viwili vya nywele kwa pamoja, nyingine zimeachwa wazi na nyingine zimesukwa nyembamba na kufungwa shanga. Rasta za shaba iliyowaka, namba 350, huchanganywa na za kahawia ili rangi isiwe moja, maana nywele za rangi moja tupu husomeka kwenye picha kama kofia. Ncha hutumbukizwa kwenye maji ya moto zitulie.

Kuna mahali ambapo mshonaji lazima asimame na kufikiri, na ninaona ni sehemu ya ufundi sawa na kukata na kushona. Gemu ilipotoka, ilikosolewa kwa kuchukua mavazi na misamiati ya wenyeji wa asili wa Marekani na kuwapa watu wa kubuni bila kuwataja wenyewe. Lawama ile ina maana hapa ziwani, kwa sababu kishawishi kiko karibu. Mtu anayetafuta manyoya ya kupamba bega ataikumbuka kondo, kofia ya wazee wa Kiluo yenye manyoya ya mbuni, au mapambo ya meno ya kiboko. Vitu hivyo vilikuwa na wenyewe, na mtu hakuvivaa kwa kuwa vinapendeza. Katika tero buru, mzee anapozikwa na vijana wakakimbia na mikuki na ng'ombe kuifukuza mauti, kila kinachovaliwa kina kazi. Mshonaji mwenye adabu huenda Makumbusho ya Kisumu, akatazama, akauliza, akajifunza jinsi shanga zilivyopangwa na ngozi ilivyokatwa, na kurudi na ujuzi, huku mapambo yenyewe akiyaacha yalipo. Mfano mzuri wa kuazima kwa uwazi ni Ruth Carter, aliyebuni mavazi ya filamu ya Black Panther, iliyozinduliwa hapa Kisumu pia Februari 2018. Alichukua kutoka kwa Waturkana, Wamaasai, Wazulu na wengine, na alitaja alikochukua. Mwaka 2019 alipewa Oscar kwa kazi hiyo.

Watu wa ziwa hili, kwa kweli, wana zaidi ya karne moja ya kusimama mbele ya kamera wakiwa wamejiandaa. Mwaka 1936 mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard alipiga picha nyingi katika nchi ya Waluo, na zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Pitt Rivers huko Oxford. Mwaka 2007 Gilbert Oteyo na Christopher Morton walizirudisha nakala zake Nyanza katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, zikatazamwa na wajukuu wa waliopigwa. Namna mtu anavyosimama akijua kwamba anatazamwa si jambo la kujifunza kutoka kwa gemu peke yake.

Na hapo tumefika kwenye picha, ambayo naihesabu kuwa kifaa cha mwisho cha mshonaji. Vazi hili tangu mwanzo limetengenezwa kwa ajili ya mwanga fulani, na mwanga wa Kisumu una tabia zake. Mstari wa ikweta unapita Maseno, mwendo mfupi kutoka mjini. Hapa jua halizami kwa kuserereka, linashuka karibu wima, nyuzi 15 kila saa. Ile nuru ya dhahabu ambayo wapiga picha huisubiri, tangu jua likiwa nyuzi 6 juu ya maji hadi liguse ziwa, hudumu yapata dakika 25. London mwezi wa Juni hudumu mara mbili ya hapo. Kwa hiyo mvaaji anayetaka jua la jioni, ambalo kwetu huzama kati ya saa kumi na mbili u nusu na saa moja kasoro, lazima awe amevaa, amefungwa mikanda na kupakwa rangi ya uso mapema, na kila pozi limezoezwa mchana. Rangi ya buluu ya usoni huzama kwenye ngozi nyeusi, hivyo hutanguliwa na nyeupe kidogo.

Mahali pazuri ni ufuo wa Dunga. Mafunjo yake hukua kumpita mtu kimo, na katika gemu Aloy hujificha kwenye majani marefu akizinyemelea mashine. Vijana wa Dunga wanaotembeza wageni wanajua pa kukanyaga, na kuwasikiliza si hiari, maana kiboko hutoka majini kwenda kula wakati uleule ambao mpiga picha anaupenda.

Mvaaji akisimama na ziwa nyuma yake, jua linamwakia mabegani na nywele zinashika moto, lakini uso unatoweka. Kamera huona maji yanayong'aa, ikapunguza mwanga wa picha nzima, na uso mweusi unalipa gharama. Vyombo hivi havikuundwa vikiwafikiria watu wetu: kwa miongo mingi kadi ambazo maabara za Kodak zilitumia kupimia rangi zilikuwa na sura ya mwanamke mweupe. Mpiga picha wa hapa hupima mwanga kwenye shavu la mvaaji, akayaacha maji yawe meupe kama yanavyotaka, na msaidizi hushika ubao uliobandikwa karatasi ya fedha, ile ya kuzuia jua kwenye kioo cha gari, akirudisha nuru usoni kutoka chini kidogo ya kiuno. Ikipandishwa sana, uso hubapa. Ikishushwa sana, kidevu kinawaka kama cha mtu aliyekaa mbele ya tochi.

Halafu kuna mambo ambayo mikono ilishindwa na kamera huyamalizia. Upinde wa paipu haupindiki lastiki ikivutwa, na anayetazama ubavuni ataujua uongo huo mara moja. Mpiga picha husogea karibu na mbele, mshale ukielekezwa pembeni kidogo mwa lenzi, na kutoka hapo jicho haliwezi kupima kama mikono ya upinde imejikunja. Sponji ni nyepesi, kwa hiyo mvaaji huambiwa ashushe bega moja, aweke uzito kwenye mguu wa nyuma, apumue nje. Mwili unaobeba kitu kizito hutangulia kukubali uzito kabla ya kusogea, na hilo ndilo linalozoezwa mbele ya kioo kwa siku nyingi.

Picha kama hizo ni kazi ya kundi, na Kenya ina mwalimu wa kundi la namna hiyo. Osborne Macharia hubuni watu wasiokuwepo, kama wale nyanya zake wa mitindo ya kifahari, kisha yeye na wabunifu wa mavazi na nywele huwajenga hadi mtazamaji akataka kujua wanaishi mtaa gani. Ninachokichukua kwake ni uvumilivu wa kuacha kila fundi aongoze kwenye eneo lake. Msusi ndiye anayesema kama shada limekaa. Mshonaji ndiye anayesimamisha kazi mkanda ukigeuka.

Kit Mikayi, magharibi ya mji kwenye njia ya Bondo, ingempa Aloy majabali yake, jiwe juu ya jiwe kana kwamba yamepangwa na mtu. Lakini watu husali pale, na anayekwenda na mikuki ya sponji huomba ruhusa kwanza, akangoja waumini wamalize.

Natamani kuona uvumilivu huu ukiwafikia wahusika wa karibu zaidi. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitengeneza The Adventures of Nyangi, gemu yenye shujaa wa kike, na sijui kwa nini Nyangi asivikwe kama anavyovikwa Aloy. Na yuko Luanda Magere, shujaa wa Waluo wa Kano, ambaye hadithi yake ina kila kitu ambacho mbunifu wa gemu hukitafuta: mwili wa jiwe usiopenywa na mkuki, na udhaifu mmoja, kivuli chake, uliogunduliwa na mke aliyetoka kwa maadui. Mwili wa jiwe unawezekana. Karatasi ya alumini ikifinyangwa kuwa tonge lenye makunyanzi na kukandamizwa kwenye sponji iliyopashwa moto, huacha alama za mwamba, kisha rangi za kijivu hupakwa kwa sifongo, nyepesi juu ya nzito, na hudhurungi kidogo kwenye mashimo.

Kivuli ndicho kitakachompa kazi mpiga picha. Mwishoni mwa Machi, saa saba kasoro za mchana, jua la Kisumu liko utosini na mtu hana kivuli ila kidoa miguuni, maana yake Magere wa saa hiyo asingeuawa na yeyote. Picha yake inataka asubuhi, kivuli kikiwa kirefu kumzidi mwenyewe. Tena udongo wa Kano ni mweusi na unakimeza, kwa hiyo itabidi iwe kwenye mchanga wa kingo za mto Nyando wakati wa kiangazi, na mpiga picha apande juu ya kitu, ngazi au mgongo wa pikapu, ili mtu na kivuli chake viingie vyote kwenye fremu.